Wakulima wa ngano waliomwajiri daktari wao

Na Mwandishi Wetu

Kabla Canada haijawa na bima ya afya kwa wote, halmashauri za vijijini za jimbo la Saskatchewan zilikuwa zimeshachoka kusubiri. Safari iliyoanza mwaka 1915 ilifika njia panda Julai 1962, madaktari walipofunga kliniki kwa siku 23.

Jumapili ya Julai 1, 1962, mtoto wa miezi tisa alizidiwa na homa katika kijiji kimoja cha mashariki mwa Saskatchewan. Wazazi wakampakia kwenye gari hadi hospitali ya karibu. Daktari hayupo. Wakaondoka tena kwa gari, sasa kuelekea mji wa Yorkton, ambako kulikuwa na madaktari wa zamu ya dharura. Walipofika, mtoto alikuwa ameshakata roho.

Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, ugonjwa usiosubiri. Hakuna awezaye kuapa kwamba mtoto yule angepona kama daktari wa kwanza angekuwapo. Lakini tarehe ndiyo iliyofanya msiba wa nyumba moja uwe habari ya nchi nzima.

Siku hiyo ndipo ilipoanza kutumika sheria ya kwanza Amerika Kaskazini iliyotaka kila mkazi wa jimbo, tajiri kwa maskini, alipiwe gharama za daktari kutoka mfuko wa umma. Na siku hiyo hiyo sehemu kubwa ya madaktari wa jimbo walifunga milango ya kliniki zao kuipinga.

Leo Mkanada akiulizwa nani baba wa bima hii, hujibu bila kufikiri: Tommy Douglas. Mwaka 2004 watazamaji wa televisheni ya taifa, CBC, walimpigia kura kuwa Mkanada mkuu kuliko wote. Sina ugomvi na heshima hiyo. Ila jina kubwa lina tabia ya kufunika madogo, na kisa hiki kilianza Douglas akiwa bado mtoto wa shule.

Ambako daktari hupita tu

Saskatchewan ina kilomita za mraba 651,000 hivi, zaidi ya theluthi mbili za Tanzania. Sensa ya 2021 ilihesabu humo watu 1,132,505, idadi inayokaribiana na ya Mkoa wa Lindi peke yake. Kaskazini ni misitu na maziwa. Kusini ni tambarare ya nyasi iliyogeuzwa mashamba ya ngano, na ghala refu la nafaka la kijiji cha mbele huliona kabla hujakiona kijiji chenyewe. Januari, baridi huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri.

Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1876 watu wa Cree na majirani zao walitia saini na wawakilishi wa Malkia wa Uingereza Mkataba Namba 6, na walisisitiza kiandikwe kipengele kimoja: nyumbani kwa kila wakala wa serikali liwekwe sanduku la dawa kwa ajili yao. Kwa hiyo ahadi ya kwanza ya matibabu ya umma kwenye tambarare hizi walipewa wenyeji, na ni wao waliokaa muda mrefu zaidi wakiidai. Wenyeji waliokuwa chini ya mikataba hawakuruhusiwa hata kupiga kura ya jimbo mpaka mwaka 1960.

Walowezi waliomiminika mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta tatizo jingine. Daktari alikuja, akaangalia wateja walivyotawanyika, akahesabu mapato yake baada ya mavuno mabaya, akafunga virago.

Mwaka 1915 halmashauri ya vijijini ya Sarnia, kaskazini-magharibi mwa mji wa Regina, ilipoona daktari wake anataka kuondoka, ilifanya jambo ambalo sheria haikuwa imeliruhusu waziwazi. Ilimpangia dola 1,500 kwa mwaka kutoka kwenye kodi ya ardhi, abaki. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likabadilisha sheria ili jambo hilo liwe halali, na likaruhusu pia halmashauri jirani kuungana kujenga hospitali moja.

Hoja yao haikuhitaji kitabu. Kodi ilikuwa inalipia barabara. Ilikuwa inalipia mwalimu. Kwa nini isimlipie mtu anayezalisha wake zao?

> Daktari alikuja, akahesabu mapato yake baada ya mavuno mabaya, akafunga virago.

Mtindo huo ukasambaa kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Mwaka 1929 jimbo lenyewe likafuata nyayo kwa ugonjwa mmoja, likawa la kwanza nchini Canada kutibu kifua kikuu bila mgonjwa kudaiwa senti.

Vumbi

Kisha ikaja miaka ya thelathini. Bei ya ngano, ambayo mwishoni mwa miaka ya ishirini ilikuwa ikizidi dola moja kwa busheli, mwaka 1932 ilidondoka hadi chini ya senti 40. Mvua zikakatika. Upepo ukabeba udongo wa juu wa mashamba, watu wakawasha taa mchana. Mavuno ya 1937 hayakufika busheli tatu kwa ekari, na theluthi mbili hivi ya watu wa vijijini wakaishi kwa msaada wa serikali. Mkulima alimlipa daktari kuku, kuni au ahadi.

Hapo ndipo siasa za mrengo wa kushoto zilipopata udongo wake. Mwaka 1932 wakulima, wafanyakazi na wasomi walikutana Calgary wakaunda chama cha CCF, yaani Shirikisho la Jumuiya ya Ushirika, na mwaka uliofuata wakatangaza ilani yao mjini Regina. Jina la chama linaeleza asili yake. Saskatchewan ilikuwa imejaa ushirika wa nafaka, wa simu, wa duka na wa shule.

Mwanasosholojia wa Marekani, Seymour Martin Lipset, aliyekwenda kulichunguza jimbo hilo miaka ya arobaini, alihesabu makumi ya maelfu ya nafasi za kuchaguliwa vijijini: bodi za shule, kamati za ushirika, madiwani. Familia nyingi zilikuwa na mtu aliyewahi kushika kalamu ya katibu au sanduku la mweka hazina. Nikisoma maelezo hayo huwa nadhani hapo ndipo penye siri yote. Watu waliozoea kusoma mizania ya ushirika wao jioni, hutawatisha kirahisi kwa kuwaambia kwamba bima ni jambo gumu.

Douglas alikuwa mmoja wao kwa kuhamia. Alizaliwa Falkirk, Scotland, mwaka 1904, akakulia Winnipeg. Utotoni aliugua mfupa wa mguu, na ilibakia kidogo ukatwe, hadi daktari bingwa alipokubali kumtibu bure kwa sharti kwamba wanafunzi wake watazame. Baadaye Douglas alisimulia mara nyingi kwamba mguu wake uliokolewa na bahati, na kwamba mguu wa mtoto usingepaswa kutegemea bahati. Mwaka 1930 alikwenda kuwa mchungaji wa kanisa la Baptist mjini Weyburn, akazika watu ambao hawakuweza kulipia matibabu.

Hakuwa malaika. Tasnifu yake ya chuo ya mwaka 1933 ilipendekeza watu walioonekana duni kiakili wazuiwe kuzaa. Alipopata madaraka aliyakataa mapendekezo ya namna hiyo, lakini karatasi ile ipo.

Juni 15, 1944, CCF ilishinda viti 47 kati ya 52. Ilikuwa serikali ya kwanza ya kisoshalisti kuchaguliwa Amerika Kaskazini. Douglas akawa Waziri Mkuu wa jimbo, na Wizara ya Afya akaishika mwenyewe.

Burak na barua zake

Mtu ambaye makala nyingi humruka ni William Burak. Alikuwa katibu na mweka hazina wa halmashauri ya Pittville, kusini-magharibi mwa jimbo, sehemu kame kuliko zote. Serikali mpya ilikuwa imetoa sheria ya kuruhusu kanda za afya. Burak hakungoja afisa kutoka Regina. Aliandikia halmashauri jirani barua, akazunguka kwenye mikutano, akashawishi kwamba halmashauri moja haiwezi kumudu madaktari wa kutosha, ila nyingi zikichanga zitaweza.

Wananchi wakapiga kura ya kukubali. Julai 1, 1946, Kanda ya Afya Namba 1 ya Swift Current ikaanza, ikihudumia watu zaidi ya 50,000: daktari, hospitali, hata meno ya watoto. Walilipia kwa mchango wa kila mtu na kodi ya ardhi. Madaktari waliofanya kazi humo wakagundua jambo la ajabu: walikuwa wanalipwa kwa wakati.

Miezi sita baadaye, Januari 1, 1947, jimbo zima likaanza bima ya kulazwa hospitali. Ada ilikuwa dola 5 kwa mtu kwa mwaka, na familia haikuzidishiwa dola 30 hata iwe na watoto wangapi.

Kwa hiyo ilipofika Desemba 1959, Douglas alipotangaza redioni kwamba sasa na bili ya daktari italipwa na mfuko wa umma, watu wa Swift Current walikuwa na uzoefu wa miaka 13. Serikali ya taifa mjini Ottawa nayo ilikuwa imeanza mwaka 1958 kuchangia nusu ya gharama za hospitali, na fedha iliyookolewa ilitosha kuanzia.

Madaktari walikuwa na hoja

Ni rahisi kuwaandika madaktari wa 1962 kama walafi. Wasomaji wetu wanaojua mgomo wa madaktari wa Kenya uliochukua siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017 wanajua kwamba mambo huwa na pande zaidi ya moja, ingawa madai ya Wakenya yalikuwa mengine kabisa: wao walitaka serikali itekeleze makubaliano ya kazi, wenzao wa Saskatchewan walitaka serikali ikae mbali.

Madaktari hao walikuwa na mpango wao mbadala. Tayari yalikuwapo mashirika ya bima yaliyoungwa mkono nao, na sehemu kubwa ya wananchi walikuwa wanachama. Walipendekeza serikali iwalipie tu wale wasiojiweza, wengine waachwe wachague wenyewe. Hofu yao ilikuwa kwamba anayelipa ndiye atakayeamuru: atapanga ada, ataingia kwenye faili la mgonjwa, mwishowe atamwambia daktari nani atibiwe vipi. Baadhi yao walikuwa wameikimbia Uingereza baada ya mfumo wa afya wa taifa kuanzishwa kule mwaka 1948, na hawakutaka kukimbia tena.

Upande wa serikali ulijibu kwamba mpango wa kuwalipia maskini peke yao unamlazimisha mtu athibitishe umaskini wake mlangoni, na kwamba mfuko unaobeba wagonjwa na maskini bila wazima na matajiri hauna maisha marefu. Kwa maoni yangu hoja hii ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote zilizotolewa, na bado inasikika katika kila nchi inayojadili bima.

Uchaguzi wa 1960 ukageuka kuwa kura ya maoni. Chama cha kitaaluma cha madaktari kiliwachangisha wanachama wake na kusambaza vipeperushi. Magazeti makubwa ya Regina na Saskatoon yalikuwa upande wao, na CCF ikabaki na gazeti lake la chama, Commonwealth, pamoja na ile mikutano ya kumbi za shule ambayo hakuna mhariri aliyeweza kuihariri. CCF ikashinda.

Sheria ikapita Novemba 1961. Kufikia hapo Douglas alikuwa ameondoka kwenda kuongoza chama kipya cha taifa, NDP. Mzigo ukaangukia mabega ya Woodrow Lloyd, mwalimu wa zamani, mtu mpole asiyejua kutania jukwaani. Historia humtaja kwa sentensi moja. Nadhani anastahili sura nzima.

Ukumbi wa Trianon

Mei 3, 1962, madaktari wapatao 600 walijaa kwenye ukumbi wa dansi wa Trianon mjini Regina. Lloyd alikwenda mwenyewe kuwahutubia, wakamsikiliza kwa baridi na kelele. Kisha wakaulizwa nani hatakubali kufanya kazi chini ya sheria hiyo. Karibu ukumbi wote ukasimama.

Ada iliyokuwa ikipiganiwa, tukumbuke, ilikuwa dola 12 kwa mtu mmoja na dola 24 kwa familia kwa mwaka, fedha nyingine zote zikitoka kwenye kodi za jumla.

> Ada iliyokuwa ikipiganiwa ilikuwa dola 12 kwa mtu mmoja na dola 24 kwa familia, kwa mwaka mzima.

Julai 1 kliniki zikafungwa. Madaktari waliacha kikosi cha dharura katika hospitali chache, wengine wakaenda likizo, wengine wakahama jimbo moja kwa moja. Serikali ikaanza kuleta madaktari kutoka Uingereza kwa ndege.

Kina mama wa Regina, wakihofia kupoteza daktari aliyewazalisha, walikuwa wameanzisha kamati za kutaka madaktari wabaki. Kamati hizo zikaenea miji yote na kuvutwa haraka na wanasiasa. Padri Athol Murray, mwanzilishi wa shule maarufu ya Wilcox, alisimama redioni na mikutanoni akionya kwamba damu ingeweza kumwagika. Ross Thatcher, kiongozi wa upinzani wa chama cha Liberal, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mbunge wa CCF hiyo hiyo, alikuta mlango wa ukumbi wa bunge umefungwa akaupiga teke mbele ya wapiga picha. Picha hiyo ilimfuata maisha yake yote.

Wahenga waliosema wapiganapo tembo nyasi huumia hawakuwa wamefika Saskatchewan, lakini nyasi zilikuwepo, na zilianza kuchoka.

Julai 11 kamati za kutaka madaktari wabaki ziliitisha maandamano makubwa mbele ya bunge. Waandaaji walitangaza watakuja makumi ya maelfu. Walikuja maelfu machache tu. Ni mchana huo, zaidi ya kikao chochote, uliobadilisha mizani, kwa sababu pande zote mbili zilihesabu vichwa.

Kliniki ya kina mama wawili

Jambo lenye uhai zaidi katika majuma hayo matatu lilitokea mitaani. Wananchi waliounga mkono sheria walianza kukodi vyumba, kuchangishana samani na kutafuta daktari yeyote aliye tayari. Mjini Saskatoon, siku chache tu baada ya mgomo kuanza, kliniki ya jamii ilifunguliwa na madaktari wawili, wote wanawake: Margaret Mahood na Joan Whitney-Moore. Wenzao wa taaluma waliwatazama kama wasaliti. Regina na Prince Albert nako kukafunguliwa kliniki za aina hiyo.

Kliniki hizo zilimilikiwa na wanachama wake, ambao ndio waliochagua bodi. Ilikuwa Sarnia ya 1915 iliyorudi tena, ila mjini. Kliniki ya Saskatoon ipo mpaka leo.

Serikali ilimwalika Lord Stephen Taylor, daktari na mwanasiasa wa chama cha Labour aliyeshiriki kuujenga mfumo wa afya wa Uingereza. Alifika katikati ya Julai. Hakudai ada, aliomba gharama zake na safari ya kuvua samaki kaskazini mwa jimbo. Kwa kuwa wagombanao hawakutaka kukaa chumba kimoja, alibeba karatasi huku na huko, akimkaripia huyu na kumbembeleza yule.

Julai 23 makubaliano yalisainiwa Saskatoon. Kila mkazi angekuwa na bima, na mfuko ungekuwa wa umma. Madaktari nao walipata waliyoyapigania: hawakuwa waajiriwa wa serikali, wangelipwa kwa kila huduma, na asiyetaka mfumo angeweza kukaa nje yake.

Watetezi wa kliniki za jamii waliona wameuzwa. Walitaka madaktari wa mishahara wanaofanya kazi kwa pamoja na kuzuia magonjwa kabla hayajaja. Walichopata ni mtindo ule ule wa zamani wa tiba, isipokuwa sasa bili inakwenda kwingine. Mpaka leo wapo wanaosema hapo ndipo gharama za afya za Canada zilipopata mizizi yake, na sidhani wamekosea sana.

Ushindi uliomnyima mshindi kiti

Mwaka 1964 CCF ikashindwa uchaguzi. Thatcher akawa Waziri Mkuu wa jimbo. Hakuifuta bima. Mwaka 1968 aliongeza ada ndogo ambayo mgonjwa alitozwa kila anapomwona daktari, na serikali iliyomfuata ikaiondoa mwaka 1971.

Wakati huo huo, tume ya taifa iliyokuwa chini ya Jaji Emmett Hall, mtu wa Saskatchewan na rafiki wa wahafidhina, ilikuwa ikichunguza suala hilo hilo. Chama cha madaktari cha Canada ndicho kilichokuwa kimeomba tume iundwe, kikitumaini itauzima moto. Mwaka 1964 Hall akapendekeza nchi nzima ifuate Saskatchewan. Sheria ya taifa ikapitishwa 1966, na mwanzoni mwa miaka ya sabini majimbo yote yalikuwa ndani.

Hospitali 52

Simulizi nyingi huishia hapo, kwa makofi. Lakini ukifungua ramani ya uchaguzi wa Oktoba 28, 2024, unakutana na kitendawili. NDP, mrithi wa CCF, ilipata viti 27 kati ya 61. Vyote vilitoka Regina, Saskatoon na kaskazini ya mbali. Katika vijiji vya ngano vya kusini, nchi ya Burak na ya halmashauri ya Sarnia, haikupata hata kimoja. Chama cha Saskatchewan, cha mrengo wa kulia, kilishinda kwa mara ya tano mfululizo.

Ilikuwaje? Wengine husema mashamba yamekuwa makubwa na wakulima wachache, na mkulima mwenye maelfu ya ekari na trekta la bei ya ghorofa hana tena siasa za babu yake. Wengine hutaja mafuta na kodi ya hewa ya ukaa iliyotoka Ottawa. Yote yana ukweli wake.

Lakini uliza vijijini kuhusu mwaka 1993. Serikali ya NDP chini ya Roy Romanow ilirithi madeni mazito yaliyoliweka jimbo karibu na kufilisika. Ili kubana matumizi, iliondoa huduma za kulaza wagonjwa katika hospitali ndogo 52 za vijijini na kuzigeuza vituo vya afya. Serikali ilisema vitanda vingi vilikuwa vitupu na vifaa duni. Utafiti uliofanywa miaka ya baadaye haukukuta kwamba vifo viliongezeka katika maeneo hayo.

Kwa takwimu, basi, uamuzi ulitetewa. Kwa mwananchi, hospitali ile ilijengwa na halmashauri za baba yake, ikiajiri majirani zake, na sasa imefungwa na chama cha baba yake. Katika uchaguzi wa 1999 vijiji vikahama karibu vyote.

> Hospitali ilijengwa na halmashauri za baba yake, na sasa imefungwa na chama cha baba yake.

Serikali ya mrengo wa kulia nayo ilikuja na mkasi wake. Mwaka 2017 ilifunga shirika la mabasi la jimbo, lililoanzishwa 1946 na serikali ya Douglas, kwa maelezo kwamba ruzuku yake haibebeki. Shirika hilo lilikuwa likifika zaidi ya vijiji na miji 200. Ndilo lililompeleka mzee asiye na gari kwenye tiba ya saratani mjini. Basi la mwisho lilitembea Mei 31.

Mabishano ya sasa yana sura hiyo. Serikali inasema tatizo ni uhaba wa wauguzi na madaktari unaoikumba Canada yote, na inatoa motisha kwa wanaokubali kwenda vijijini. Wapinzani wanasema kadi ya bima imebaki, lakini mlango wa dharura wa hospitali ndogo hukutwa mara kwa mara una tangazo la kufungwa kwa kukosa watumishi. Wenyeji wa mikataba, wakishika mkononi lile sanduku la dawa la 1876, wanauliza zamu yao itafika lini.

Igunga, 1996

Msomaji wa Tanzania hahitaji kwenda mbali kuielewa Swift Current. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga, Tabora, mwaka 1996, nako kwenye mbuga za wakulima na wafugaji, kaya ikichanga kabla ya kuugua. Sheria ya mfuko ilikuja mwaka 2001. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kenya ilianza mfumo wake mpya wa bima ya afya, SHA, Oktoba 2024, na malalamiko ya kwanza yalihusu hospitali kuchelewa kulipwa, jambo lile lile ambalo Swift Current ilijivunia kulitatua.

Tofauti niionayo ni moja. Burak aliuliza watu wake kwanza, kisha akaenda mjini na majibu yao.

Huko Saskatchewan, baadhi ya halmashauri za vijijini leo zinatenga tena fedha za walipa kodi wao, mara nyumba, mara marupurupu, ili daktari akubali kuhamia na asiondoke. Sarnia ilianza na dola 1,500.